Mtafiti wa sumukuvu anaweza kujiombea grini kadi bila mwajiri?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Makueni. Nina shahada ya uzamivu ya magonjwa ya mimea kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na sasa ni mtafiti wa baada ya uzamivu katika chuo kimoja hapa Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wataalamu. Kazi yangu ni kutabiri sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotolewa na kuvu, kwenye mahindi kabla ya mavuno. Nina makala tisa zilizonukuliwa kama mara 140. Profesa wangu anasema chuo hakiwezi kunidhamini kwa sababu nafasi yangu ni ya muda. Rafiki mmoja ameniambia nijiombee mwenyewe kwa njia ya NIW; mwingine akasema bila manukuu elfu moja nisijisumbue. Je, nina nafasi, na nianzie wapi?

Jibu: Daktari, nafasi unayo. Huyo wa manukuu elfu moja amekuvunja moyo bure, kwani hakuna sheria wala kanuni inayotaja idadi ya manukuu. Faili zenye manukuu mengi kuliko yako hukataliwa, na zenye machache kuliko yako hupita. Kinachozitofautisha ni jinsi mwombaji alivyoieleza kazi anayokusudia kuifanya hapa Marekani, na kama kila dai lake lina karatasi ya kulithibitisha.

NIW, yaani msamaha unaotolewa kwa maslahi ya taifa, ni sehemu ya EB-2, kundi la pili la grini kadi za kazi lililowekwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1990. Kwa kawaida mtu wa EB-2 lazima awe na mwajiri, na mwajiri huyo kwanza atangaze kazi na kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba hakumpata Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya. Sheria inairuhusu serikali kuyasamehe masharti hayo pale inapoona taifa litanufaika. Ukiomba msamaha huo, fomu ya I-140, ambayo kwa kawaida mwajiri ndiye humwombea mfanyakazi, unaijaza na kuitia saini wewe mwenyewe. Kwa hiyo jibu la chuo chako halifungi mlango huu.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo J-1. Baadhi ya wenye viza hii wanabanwa na kifungu cha 212(e), kinachowataka warudi nyumbani wakae miaka miwili kabla ya kupewa grini kadi au viza ya kazi ya H-1B. Unabanwa kama programu yako ililipiwa na serikali ya Marekani au ya Kenya, au kama taaluma yako imo kwenye orodha ya ujuzi ambao nchi yako ilisema inauhitaji, au kama ulikuja kwa mafunzo ya udaktari wa hospitali. Orodha ya ujuzi ilipitiwa upya Desemba 2024 na nchi nyingi zikaondolewa, kwa hiyo usisome nakala ya 2009 inayozunguka mitandaoni. Toa fomu zako zote za DS-2019, zile zinazoeleza programu yako ya J-1, tangu ya kwanza, uangalie fedha zilitoka wapi. Maneno yaliyoandikwa kwenye viza yako kuhusu sharti hili si ya mwisho, maana maofisa wa ubalozi nao hukosea. Pakiwa na utata, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa maoni rasmi ukiiomba.

Ukikuta unabanwa, bado unaweza kuwasilisha I-140 na ikaidhinishwa. Usichoweza ni kuvuka hatua inayofuata mpaka utimize miaka hiyo au usamehewe. Msamaha wa J-1 ni ombi jingine kabisa lenye fomu yake, DS-3035, na njia inayotumika sana ni barua ya serikali yako, kupitia ubalozi wa Kenya mjini Washington, ikisema haina pingamizi. Kama ulikuja kwa Fulbright au fedha nyingine za serikali ya Marekani, barua hiyo pekee mara nyingi haitoshi. Nimeona watu wakishangilia idhini ya I-140 huku sharti hili likiwasubiri, na ni maumivu yanayoweza kuepukika kwa kusoma karatasi mbili tatu mapema.

Sasa ombi lenyewe. Kipimo kinachotumika leo kinatokana na uamuzi wa Desemba 2016 uitwao Matter of Dhanasar. Mwombaji alikuwa mtafiti na mhandisi wa mifumo ya kusukuma vyombo vya anga kwa kasi iliyopita mno ile ya sauti. Uamuzi ule uliweka mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba kazi unayokusudia ina thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa, kwamba wewe uko katika nafasi nzuri ya kuiendeleza, na kwamba, ukipima yote, Marekani inanufaika zaidi kukusamehe habari ya mwajiri kuliko kukudai.

Usome uamuzi wenyewe, si muhtasari wa watu. Utakuta jambo ambalo watafiti wengi hawalioni. Dhanasar alisema atafanya utafiti na pia atafundisha uhandisi. Utafiti ulikubaliwa. Ufundishaji ulionekana kuwa wa thamani, lakini haukuhesabiwa kuwa na umuhimu wa kitaifa, kwa sababu faili haikuonyesha kwamba kufundisha kwake kungeigusa nyanja nzima kupita wanafunzi wa darasa lake. Mtu yule yule, faili ile ile, kazi moja ikapita na nyingine ikabaki. Ofisa hapimi umuhimu wa taaluma yako. Anapima kazi mahususi uliyosema utaifanya na itawafikia nani nje ya maabara yako.

Hapa ndipo faili nyingi za watafiti wazuri zinapoharibika. Mtu anaandika: “Nitaendelea kutafiti sumukuvu ili kuboresha usalama wa chakula duniani.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini yeyote katika idara yako angeweza kuitia saini. Wewe andika hivi, au kwa maneno yaliyo karibu zaidi na mradi wako: “Nakusudia kukamilisha na kuhakiki njia ya kutabiri, wiki kadhaa kabla ya mavuno, ni mashamba gani ya mahindi yatavuka kikomo cha sumukuvu, kwa kuunganisha aina za kuvu zilizomo kwenye udongo na hali ya joto na ukame wakati mahindi yanapochanua, na kuyafikisha matokeo kwa wakulima, wanunuzi wa nafaka na watafiti wengine.” Sasa ofisa anajua utafanya nini, kwa njia gani, na nani atakitumia.

Kisha mwonyeshe kwa nini jambo hili ni la Marekani. Mamlaka ya chakula na dawa ya hapa, FDA, haikubali zaidi ya sehemu 20 za sumukuvu kwa kila bilioni kwenye mahindi ya kuliwa na watu, na kikomo ni hicho hicho kwa chakula cha ng’ombe wa maziwa. Kwenye maziwa yenyewe kikomo ni nusu ya sehemu moja kwa bilioni. Shehena ikivuka hapo, mkulima anakataliwa au anauza kwa bei ya chini kwa matumizi mengine, na miaka ya joto kali na ukame ndiyo inayozidisha tatizo. Zipo dawa za kibayolojia, AF36 na Afla-Guard, ambazo ni kuvu wasiotoa sumu wanaomwagwa shambani ili wawazidi wale wenye sumu. Kenya nasi tuna Aflasafe KE01 kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini mkulima anazinunua na kuzimwaga kabla hajajua kama mwaka huo sumu itakuja. Njia yako ya kutabiri ikimwambia ni lini inafaa kugharamia na ni lini haifai, umuhimu wake umeshatoka kwenye maabara yako ukafika kwenye soko zima la nafaka. Hiyo ndiyo hoja. Iandike, kisha iambatanishe na hati za FDA na za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinazosema hivyo, ili ofisa asilazimike kukuamini wewe.

Kuhusu nyumbani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 katika wagonjwa 317 waliohesabiwa, wengi wao Makueni na Kitui. Wewe ni mtoto wa huko, na najua utatamani kufungua barua yako kwa msiba ule. Uweke, kwa heshima yake, lakini uuweke mahali panapofaa: kwenye maelezo ya ujuzi wako na ukubwa wa madhara yanayowezekana. Sampuli ulizokusanya Ukambani zinaonyesha kwamba umelijua tatizo pale lilipo kali kuliko mahali pengi duniani, na ujuzi huo ni vigumu kuupata hapa. Ila peke yake hauthibitishi umuhimu kwa Marekani, na ofisa akiuona umebeba hoja nzima atakuandikia kwamba umeeleza manufaa ya nchi nyingine.

Tuje kwenye manukuu yako 140. Usiyarundike. Chapisha orodha, toa ya kwako mwenyewe na ya waandishi wenza, kisha utafute katika yaliyobaki yale ambamo mtu asiyekujua ametumia mbinu yako kufanya kazi yake. Ukurasa mmoja wenye mstari uliotiwa rangi ya manjano, mahali ambapo kikundi cha nchi nyingine kinasema kiligawanya sampuli kwa utaratibu wako, una uzito kuliko kurasa ishirini za orodha tupu. Pia linganisha kila makala na nyingine za mwaka huo huo katika fani hiyo hiyo. Kampuni kama Clarivate hutoa majedwali ya viwango hivyo. Magonjwa ya mimea hayanukuliwi kwa wingi kama tiba ya saratani, na ofisa hatalijua hilo usipomwambia.

Manukuu si ushahidi pekee. Ruzuku ambayo jina lako limo kama mtafiti mkuu au mwenza, data yako iliyopakuliwa na wengine, mwaliko wa kupitia makala za majarida, kituo cha ugani kilichoomba kujaribu njia yako shambani, vyote vinaingia kwenye kipimo cha pili. Kwa Dhanasar, jambo lililotajwa ni kwamba yeye ndiye aliyeanzisha maombi kadhaa ya ruzuku au alikuwa mhusika wake mkuu. Kama profesa wako ndiye jina la juu kwenye ruzuku lakini wewe ndiye uliyeandika sehemu ya utabiri, mwombe aseme hivyo kwa barua, na aitaje sehemu yenyewe. Wala hudaiwi kuthibitisha kwamba utafiti wako hakika utafanikiwa. Uamuzi ule ulisema wazi kwamba hilo halihitajiki.

Barua za wataalamu nazipenda ziwe nne au tano, hazihitaji kuzidi sita. Mbili zitoke kwa watu mliofanya kazi pamoja, maana wao ndio wanaojua ulifanya nini kwa mkono wako. Zilizobaki zitoke kwa watu wasio na uhusiano nawe ila wanaijua kazi yako. Sentensi ya aina ya “ni mtafiti hodari sana na ninampendekeza bila kusita” haimsaidii ofisa chochote. Inayomsaidia ni ya namna hii: “Maabara yetu ilikuwa ikipima udongo baada ya mavuno, baada ya kusoma makala yake tulihamishia upimaji wiki za kuchanua, na sasa tunafanya hivyo katika mashamba yetu yote ya majaribio.” Mtu, tendo, badiliko. Wakubwa wengi watakuomba uwaandikie rasimu, na hilo ni la kawaida, lakini kila mmoja airekebishe kwa sauti yake na kwa yale anayoyajua yeye. Barua nne zenye maneno yanayofanana hutiliwa shaka hata kama kila neno ni la kweli.

Kipimo cha tatu kwako ni chepesi kuliko unavyodhani. Eleza kwamba utaratibu wa Wizara ya Kazi hupima sifa za chini za nafasi moja kwa mwajiri mmoja, ilhali kazi yako inahitaji ujuzi ambao tangazo la kazi haliwezi kuueleza, na manufaa yake hayaishii kwa mwajiri yeyote mmoja. Kurasa mbili zinatosha.

Utasikia pia habari za EB-1. Kwa EB-1A, ya wenye uwezo wa kipekee, unatimiza angalau vigezo 3 kati ya 10, kisha ofisa anaitazama faili nzima kuona kama kweli uko miongoni mwa wachache walio juu kabisa katika fani. Utaratibu huo wa hatua mbili ulitokana na kesi ya Kazarian ya 2010, naye alikuwa mwanafizikia. EB-1B ni ya watafiti mashuhuri wenye angalau miaka mitatu ya utafiti, lakini inataka mwajiri na nafasi ya kudumu ya utafiti, na hiyo huna kwa sasa. Kwa maoni yangu anza na NIW, uendelee kukusanya. Hakuna kinachokuzuia kuwasilisha EB-1 baadaye, na tarehe ya kipaumbele, yaani ile inayoonyesha nafasi yako kwenye foleni, uliyopata kwa I-140 iliyoidhinishwa kwa kawaida huhamia kwenye ombi hilo jipya.

Nyaraka zako nyingine usizidharau. Shahada ya Nairobi inahitaji tathmini ya kampuni inayoilinganisha na ya Marekani, pamoja na nakala ya matokeo ya masomo. Majina ndiyo yanayotusumbua sisi wa Afrika Mashariki: pasipoti ina matatu, kwenye cheti cha shahada yana mpangilio mwingine, na kwenye makala umeandika mawili. Andaa kiapo kinachosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na uweke ukurasa mfupi unaoyaorodhesha. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza, kikiwemo cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa Kiswahili, iende na tafsiri kamili na tamko la mfasiri lenye saini.

Gharama: tangu Aprili 2024 ada ya I-140 ni dola 715, na anayejiombea anaongeza dola 300. Unaweza kulipia huduma ya haraka, zaidi ya dola 2,800, ambayo kwa NIW inawapa siku 45 za kazi kuchukua hatua. Hatua hiyo yaweza kuwa idhini, kukataliwa au kudaiwa ushahidi zaidi. Fedha hizo hazinunui jibu. Ada hubadilika, kwa hiyo itazame kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji inayopokea maombi haya, siku ile ile unayotuma, maana kifurushi chenye ada pungufu hurudishwa chote.

Na uelewe kwamba I-140 ikiidhinishwa hujapata ukaazi. Umepata nafasi kwenye foleni. Grini kadi za kazi ni kama 140,000 kwa mwaka wa serikali, EB-2 hupata asilimia 28.6 yake, na mahali ulipozaliwa ndipo panapoamua foleni yako. Wahindi na Wachina husubiri kwa miaka mingi. Waliozaliwa Kenya huangukia kundi la nchi zote zilizobaki, ambalo hupata nafuu kubwa, ingawa tangu mwisho wa 2022 EB-2 imekuwa na kusubiri kwa vipindi virefu hata kwetu. Fuata jarida la viza linalotolewa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje. Zamu yako ikifika, ukiwa hapa kihalali unajaza I-485, fomu ya kuomba grini kadi yenyewe bila kutoka Marekani. Ukiwa Kenya unapitia ubalozi wa Nairobi, ambako utadaiwa pia cheti cha tabia njema cha DCI.

Kuna hatari moja ya katikati. J-1 inataka uonyeshe nia ya kurudi nyumbani, na I-140 inaonyesha nia ya kubaki. Ukishaiwasilisha, fomu ya viza ya DS-160 itakuuliza kama kuna ombi la uhamiaji lililowahi kupelekwa kwa jina lako, na lazima ujibu ndiyo. Hivyo kama viza kwenye pasipoti yako imeisha na mama anakungoja nyumbani Desemba, nenda kwanza, rudi, ndipo utume. Ukipata H-1B baadaye, wasiwasi huo hupungua sana kwa sababu inaruhusu nia zote mbili, na vyuo vikuu havimo kwenye bahati nasibu yake ya kila mwaka.

Kwa wasomaji wengine wanaofuatilia jibu hili: tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 liliiwekea Burundi vizuizi vya viza, zikiwemo za wahamiaji, na la Desemba mwaka huo likaongeza Tanzania. Ninyi zungumzeni na wakili kuhusu hali ilivyo wiki hiyo kabla ya kulipa ada yoyote.

Wakili kwa NIW si lazima. Ukimchukua, hakikisha ana leseni ya jimbo fulani la Marekani, na umwambie akuonyeshe jinsi atakavyoieleza kazi yako kabla hujasaini mkataba. Anayekuahidi ushindi, au anayetaka kukununulia nafasi ya mwandishi kwenye makala usiyoiandika, mkimbie. Udanganyifu kwenye faili ya uhamiaji hukufuata maisha yote.

Ukidaiwa ushahidi zaidi, usife moyo. Utapewa muda, kwa kawaida wiki 12, na utajibu mara moja tu, kwa hiyo kila kitu kiende kwenye bahasha moja. Soma barua ile uone ni kipimo kipi kati ya vitatu hakijaridhisha, ujibu hicho kwa karatasi mpya badala ya kurudia za zamani. Na wakikataa, unaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 au kuwasilisha I-140 nyingine iliyoandikwa vizuri zaidi. Hakuna muda wa kungoja kati ya ombi moja na jingine, mradi katika hilo la pili utaje ukweli kwamba la kwanza lilikataliwa.